Harage la Kumi

Niacheni niisimulie mwenyewe
kabla Jachen hajaitia chumvi.

Ilikuwa Agosti, bonde la Engadini,
ukungu umeshuka hadi kiunoni mwa misonobari,
nasi wazee sita kifudifudi mikekani,
bunduki za baba zetu mashavuni.
Mita mia tatu mbele, chini ya shabaha,
handaki la zege.
Ndani yake, watoto.

Wageni hushtuka nikiwaambia. Watoto?
Ndiyo. Flurin, Braida, mapacha wa mwokaji,
na kwenye namba nne, shabaha yangu,
Ladina Tönett, miaka kumi na mitatu,
vikombe vyekundu masikioni
vimembana kichwa kama mkono wa mama mkali.
Wanashusha fremu, wanaziba tundu kwa karatasi na gundi,
wanaipandisha tena, kisha upondo wenye kisahani
unatutangazia aibu zetu.
Ujira: faranga ishirini, soseji moja,
haradali bila kipimo.

Siku hiyo mkono ulikuwa umetulia.
Tisa zilikwenda. Nikasukuma ya kumi chemba,
na papo hapo ndama wa Jachen akachomoza uwanjani
kama mtu aliyealikwa.
"Acheni!"
Tukaacha. Tukacheka. Akafukuzwa kwa kofia.
Mmoja akauliza bei ya nyasi kavu,
mwingine akasema supu imeiva,
na akili yangu ikavuka kutoka tisa hadi kumi
bila kupitia kwenye bunduki.

Nikainuka. Nikakoroga simu ya handakini.
"Kumi. Tokeni, supu inapoa."

Kimya. Halafu:
"Tisa."

"Ladina, nilianza kulenga shabaha
mama yako hajazaliwa."

"Tisa, mzee Duri."

"Basi moja imekosa ubao."

"Hata zinazokosa zinapita juu yangu.
Harage moja bado liko mfuko wa kushoto."

Harage! Nilimwita mkaidi. Nilimwita na jina jingine
ambalo sitaliandika hapa.
Hakupandisha sauti, hakuishusha.
"Bendera siiinui," akasema,
"na hawa wengine nimewaambia wakae chini."

Ni Jachen aliyenyamaza wa kwanza.
Akaenda mkekani kwangu, akapiga goti, akavuta boliti.
Risasi ikaruka,
ikabingirika juu ya zege,
ikasimama kando ya kiatu changu.
Shaba safi, inang'aa.
Sikuweza kuinama kuiokota.

Walipotoka, walikuja kwa mstari,
wakiwa na gundi vidoleni.
Ladina hakunitazama. Aliomba haradali.

Baadaye nikasikia habari ya maharage:
kumi makavu, ya chupa ya jikoni kwao,
kila mlio moja linahama, kushoto kwenda kulia.
Hatukumfundisha. Tulikuwa tumemfundisha kubandika karatasi
na kusema asante.

Sasa kuna sheria ubaoni. Jachen aliiandika kwa chaki,
mvua ikaifuta, akairudia kwa rangi ya mlango:
chemba itazamwe na wawili, mmoja asiwe mwenye bunduki,
na aliye chini ndiye mwenye neno la mwisho.
Wapo walionung'unika. Mimi sikunung'unika.

Mwaka huu macho yangu hayaioni tena namba nne.
Nikaomba kazi handakini.
Walinipa vikombe vyekundu, miwani,
na ndoo iliyogeuzwa niikalie.
Ya kwanza ilipopita juu yetu,
ule mchapo wa mjeledi unaopasua hewa,
nilijikunja hadi magotini.

Ladina hakujikunja.
"Moja," akasema,
akatia mkono mfukoni.
Kisha akanigeukia, akanipa maharage kumi,
yenye joto la kiganja chake.
"Na wewe hesabu," akasema.